Izimwe au Iachwe? Mabishano juu ya Faharasa ya Kompyuta ya Nyumbani

Kompyuta ya nyumbani huku vijijini haina mwenyewe mmoja. Nyakitonto, kata ya Wilaya ya Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma, mashine moja iliyowekwa sebuleni hutumika asubuhi kutunga mtihani wa kidato cha pili, mchana kuandika muhtasari wa kikao cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), jioni kuangalia video ya kwaya, na usiku mwanafunzi huikalia akapitia mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Akaunti ni moja na neno la siri wanalijua wote. Mashine yenyewe mara nyingi ni mtumba, ya mezani, ina RAM ya GB 4 na hadidiski ya kuzunguka.

Malalamiko nayo ni yale yale. Imewashwa, inakoroma, ukibonyeza haiitiki. Fundi akiitwa hufungua orodha ya kazi zinazoendelea, anaona jina SearchIndexer limekalia diski, anasema, "Hii tunaizima." Nataka shauri hilo lisikilizwe kwa pande zake zote. Wengi wanazima kwa sababu wameambiwa, wengine wanaacha kwa sababu wanaogopa, na pande zote mbili hazijaulizwa huwa zinatafuta nini kwenye hiyo mashine.

Faharasa hiyo, ambayo mafundi wetu wanaiita indeksi, ni daftari ambalo Windows hujiandikia yenyewe. Programu iitwayo Windows Search hupita kwenye mafaili, husoma jina, tarehe, na kwa aina nyingi za mafaili husoma pia maneno yaliyo ndani, kisha huandika neno gani liko faili gani. Mtu anapotafuta, inaangalia daftari tu, haizunguki kwenye mafaili yenyewe. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kazi hiyo huja ikiwa imeshawashwa. Apple walikuwa wametangulia na Spotlight mwaka 2005, na Google walitoa Google Desktop mwaka 2004, wakaifunga 2011.

Wanaobishana hapa chini nimewaunda mimi, ila hoja zao sikuziunda. Yuko mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Yuko mkewe, mhazini wa kikundi cha VICOBA. Yuko binti yao anayesoma stashahada ya TEHAMA, na fundi, mdogo wake mama, mwenye meza ya kutengeneza simu na kompyuta Kasulu mjini. Jirani yao, muuguzi wa zahanati, ataingia katikati.

FUNDI: Shemeji, mashine haina ugonjwa, ina mzigo. Hadidiski hii inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kisomeo chake hakiwezi kuwa pawili kwa wakati mmoja. Kila kikihama kutoka faili moja kwenda jingine kinachukua kama milisekunde 12. Piga hesabu, hazifiki safari 100 kwa sekunde moja. Sasa Word inataka safari zake, antivirasi inataka zake, indeksi nayo inataka zake. Ndiyo maana unabonyeza halafu unakaa kusubiri. Naingia kwenye huduma za Windows, naisimamisha Windows Search, naizuia isiwake tena. Dakika mbili tu.

MWALIMU: Na nikitaka kutafuta faili?

FUNDI: Utatafuta kama kawaida. Ukizima indeksi, kutafuta kunabaki. Windows itapita faili moja moja badala ya kuangalia daftari. Itachelewa, lakini mara ngapi kwa wiki unatafuta?

BINTI: Mjomba, samahani nikukatize. Indeksi haipitii diski nzima kila siku. Mara ya kwanza ndiyo inasoma kila kitu. Baada ya hapo Windows inaweka kumbukumbu ya mabadiliko ndani ya NTFS yenyewe, yaani mfumo unaopanga mafaili kwenye diski. Faili likiongezwa au likibadilishwa linaandikwa humo, indeksi inasoma hilo tu. Na ikiona mtu anachapa, inapunguza mwendo. Kwenye laptopu inayotumia betri inajizuia pia. Kwa hiyo ukiizima leo kwa sababu imekalia diski, pengine ilikuwa imebakiza kidogo imalize.

FUNDI: Mpwa wangu, uliyosoma ni ya kweli, ila ni ya mashine inayokaa imewashwa. Hii inawashwa saa ngapi? Mwalimu akirudi kutoka shule, saa mbili, saa tatu, basi. Na muda wote huo kuna mtu ameikalia. Hiyo indeksi inayosubiri watu waondoke ndipo ifanye kazi, itafanya saa ngapi? Watu wakiondoka, mashine imezimwa. Halafu kila wiki unaleta flashi ya mitihani, mafaili elfu mbili, unamwaga humo. Kazi ya mara ya kwanza haiishi, inaanza upya kila Jumamosi.

Hapa fundi amegusa jambo ambalo maelezo mengi ya kompyuta hayaligusi. Waliobuni huduma hii walifikiria mashine ya ofisini au ya nyumba ambako umeme ni kitu cha kusahau. Mashine inaachwa, inakaa bila mtu, na katika ukimya huo indeksi inafanya kazi yake. Kasulu na Kibondo zimeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, mpaka mwaka 2022 zilipounganishwa kupitia Nyakanazi. Umeme wa REA umeingia vijijini, lakini mazoea ya kuwasha mashine unapoihitaji na kuizima mara unapomaliza hayajatoka, na hayana sababu ya kutoka wakati mita ya LUKU inasoma. Wengine bado wanatumia sola. Kwa mashine ya namna hiyo, muda wa kukaa bila mtu haupo. Indeksi hukamata vipande vya sekunde kati ya mbonyezo na mbonyezo, na kila ikikatizwa hurudi kushika pale ilipoachia.

Umeme ukikatika ghafla daftari lenyewe kwa kawaida haliharibiki, maana linaandikwa kwa utaratibu unaoliwezesha kujirekebisha. Lakini likiharibika kweli, Windows hulitupa na kuanza ukurasa wa kwanza. Ndipo mtu anaposema mashine ilikuwa nzima jana na leo imekuwa nzito bila sababu.

MAMA: Nyinyi mnaongelea diski. Mimi naongelea mwanachama anayekuja mbele ya kikundi anasema alinunua hisa tano mwezi wa tatu mwaka juzi, na kwenye leja jina lake halimo. Nina mihtasari ya miaka minne humo. Nikisema nitaangalia wiki ijayo, wanaanza kuulizana mhazini anaficha nini. Nataka niandike jina la mtu, kompyuta inionyeshe kila kikao alichotajwa. Hilo daftari lenu si ndilo linalofanya hivyo?

BINTI: Ndilo hasa, mama. Na likizimwa, Windows ikitafuta kwenye folda isiyo na indeksi inaangalia majina ya mafaili tu. Ndani ya mafaili haiingii mpaka uiambie, na ukiiambia inafungua Word moja baada ya nyingine. Kwa hadidiski hii unaweza kwenda kuteka maji ukarudi.

MAMA: Basi isizimwe.

FUNDI: Dada, kwani umewahi kutafuta jina namna hiyo ukalipata?

MAMA: Nimejaribu. Haikuleta kitu. Nikadhani sijui kuandika.

Binti akasogea kwenye kiti, akafungua mahali panapoitwa Indexing Options. Orodha ya folda zinazosomwa ilikuwa fupi: menyu ya kuanzia, na folda za mtumiaji kwenye C. Hakuna kingine.

BINTI: Mama, mihtasari yako iko wapi?

MAMA: Kwenye D. Mjomba wako ndiye aliyenifundisha, kila kitu cha maana kiwekwe D.

FUNDI: Ni kweli, nilisema hivyo. Windows ikifa nafomati C, kazi zenu zinabaki D salama.

BINTI: Basi D haimo. Windows ikiachwa ilivyokuja, inasoma folda za mtumiaji kwenye C na menyu ya kuanzia. D haiigusi mpaka uiongeze mwenyewe. Daftari halijawahi kuandika hata neno moja la kikundi chako.

MWALIMU: Sasa muda wote huu lilikuwa linaandika nini?

BINTI: Folda ya vilivyopakuliwa. Mitihani niliyokuja nayo kwenye flashi, PDF zote. Picha na video za WhatsApp zilizohamishwa kutoka kwenye simu, angalau majina na tarehe zake. Vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitafuta.

Kwangu mimi, mjadala wote unasimama au unaanguka hapa. Mafundi wetu wana desturi ya kuigawa diski katika C na D, na ni desturi njema sana. Imeokoa kazi za watu wengi siku Windows ilipogoma kuwaka. Lakini desturi hiyo na mpangilio wa Windows havijawahi kukutanishwa. Matokeo yake nyumba inalipa gharama yote ya indeksi, mashine inakoroma, diski inachakaa, na haipati faida hata robo, kwa sababu mafaili yenye thamani yako upande ambao indeksi haiangalii. Mwenye nyumba anajaribu kutafuta, hapati, anajilaumu hajui kompyuta. Kisha fundi anazima, mashine inapumua, na kila mtu anaridhika kwamba lile jambo halikuwa na maana.

Ndiyo maana sikubali swali liulizwe kama "izimwe au iachwe" kabla ya kuuliza inasoma nini. Kuizima indeksi isiyosoma chochote unachokihitaji ni sahihi, na kuiacha inayokusomea leja ya kikundi ni sahihi vilevile, nazo zinaweza kuwa mashine mbili zenye chapa moja kwenye nyumba mbili za jirani.

MWALIMU: Subirini. Mimi mafaili yangu yako kwenye C, kwenye Dokumenti, sikufuata ushauri wa shemeji. Yanasomwa. Mbona juzi niliandika "mtihani" ikaniletea faili moja, wakati najua niliyotunga yanafika arobaini?

BINTI: Yanaitwaje, baba?

MWALIMU: "Mitihani kidato II muhula wa kwanza." "Mitihani ya majaribio." Kama hivyo.

BINTI: Ndiyo hapo. Uliandika kwa umoja, majina yapo kwa wingi. Windows inalinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Ukiandika "mtiha" itakuletea "mtihani", lakini "mitihani" inaanza na "mi", kwake hilo ni neno jingine kabisa.

MWALIMU: Ahaa! Kiingereza kinaongeza "s" mwishoni. Ukiandika "exam" unapata na "exams" bila kutaka. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno. Mkataba, mikataba. Kitabu, vitabu. Mwanachama, wanachama. Na kitenzi ndiyo usiseme: alilipa, walilipa, hajalipa, hawakulipa, aliyelipa. Shina "lip" limejificha katikati, mbele yake kuna viambishi viwili au vitatu. Anayetafuta kuanzia mwanzo hawezi kulikuta.

BINTI: Lugha kubwa zimetengenezewa vikata-maneno vyao ndani ya Windows, vinavyojua jinsi maneno ya lugha hiyo yanavyojengwa. Kiswahili hakina chake humo. Maneno yetu yanasomwa kama herufi tu zilizopangwa.

MAMA: Kwa hiyo nikitafuta "amelipa"?

MWALIMU: Utapata waliolipa mmoja mmoja. "Wamelipa" hutawaona. Wewe tafuta majina ya watu. Jina la mtu halina umoja na wingi.

Nimesikia mabishano mengi ya kasi na ya diski, lakini hili la sarufi sijalisikia likitajwa na mtu anayeshauri kuhusu kompyuta, na kwa msomaji wa Kiswahili ndilo zito kuliko yote. Faida ya indeksi inayohubiriwa duniani ni faida iliyopimwa kwa lugha ambazo neno hubadilikia mkiani. Kwetu hupungua. Haiishi, hupungua. Majina ya watu na ya mahali, namba za risiti, tarehe, vifupisho kama AMCOS au NECTA, hivyo vyote hupatikana vizuri, kwa sababu havipachikwi chochote mbele. Nomino za kawaida na vitenzi hupatikana nusu nusu. Mtu anayepima kama indeksi inastahili mzigo wake apime kwa maneno anayoyatafuta yeye. Mhazini anayetafuta majina ya wanachama ana haki ya kuitaka. Mwandishi anayetafuta alipoandika habari za kulipa madeni atakuwa amedanganywa na ukurasa mtupu.

FUNDI: Hapo mmenipa nguvu. Kama ni majina ya mafaili, kuna programu ndogo ya bure inaitwa Everything. Kwa kawaida haisomi ndani ya faili. Inasoma ile orodha kuu ya NTFS ambayo diski inayo tayari, jina na mahali lilipo, imemaliza. Hata hadidiski ya zamani haisikii uzito. Na haijali mwanzo wala mwisho. Andika "tihani", inakuletea mtihani na mitihani pamoja. Mwalimu, jaribu.

Mwalimu akajaribu. Orodha ikajaa kabla hajainua kidole.

BINTI: Hata Windows yenyewe, kwenye majina ya mafaili, unaweza kutanguliza nyota: *tihani. Ila kwa maneno yaliyo ndani ya faili nyota hiyo haikusaidii.

FUNDI: Basi tuzime indeksi, tubaki na hii.

MAMA: Hii inasoma ndani ya muhtasari?

FUNDI: Kwa kazi hiyo, hapana.

MAMA: Basi hujanijibu, mdogo wangu.

Ni hapo muuguzi alipobisha hodi. Huja hapa kuchapa taarifa ya mwezi, kwa sababu zahanati yao haina mashine ya kuchapia. Akakaribishwa, akakaa, akasikiliza kidogo.

MUUGUZI: Niulize mimi. Hilo daftari linasoma na taarifa zangu? Maana naziweka hapo juu, kwenye sura ya mbele ya kompyuta.

BINTI: Sura ya mbele iko kwenye folda za mtumiaji. Inasomwa.

MUUGUZI: Yaani mtu akiandika jina la jirani yake kwa bahati mbaya, faili langu linaweza kutokea?

FUNDI: Linaweza, nesi. Akaunti ni moja humu ndani. Na nikuambie kitu ambacho watu hawakijui. Ukizima indeksi, daftari lililokwisha kuandikwa linabaki kwenye diski, kwenye faili liitwalo Windows.edb, au Windows.db kwa Windows 11. Kuzima si kufuta. Wapelelezi wa makosa ya mtandao huwa wanalisoma faili hilo kutafuta mabaki ya mambo yaliyofutwa.

MWALIMU: Na Microsoft wanaliona?

BINTI: Hapana, baba. Hilo ni la humu humu kwenye diski. Google Desktop ndiyo ilileta kelele mwaka 2006, walipoongeza uwezo wa kutafuta kwenye kompyuta zako zote kwa kupitisha nakala za mafaili kwenye seva zao. Watetezi wa faragha Marekani, EFF, wakawaonya watu wasiutumie. Na mwaka 2024 Microsoft walitangaza Recall, inayopiga picha za kioo mara kwa mara ili uweze kuzitafuta baadaye. Watu wakapiga kelele, wakaiahirisha. Hiyo inataka mashine mpya za gharama, hii yetu haiiwezi. Daftari la kawaida halitoki nje.

Nashukuru muuguzi ameuliza, kwa sababu neno "nyumbani" linafanya watu walegee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume yake, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Taarifa ya mwezi yenye idadi tu ni jambo moja. Orodha yenye majina ya wagonjwa, magonjwa na vijiji vyao ni jambo jingine, na kwa maoni yangu haina nafasi kwenye kompyuta ya sebule ya mtu yeyote, indeksi iwe imewashwa au imezimwa. Indeksi haikuleta hatari hiyo, ila imeifupishia njia. Faili lililokuwa limezama chini ya folda tatu sasa linaibuka mtoto anapotafuta wimbo wa kwaya.

Kwa yale ambayo lazima yachapwe hapo, dawa ni akaunti ya pili yenye neno la siri la muuguzi peke yake. Windows Search huheshimu ruhusa za mafaili, na asiyeruhusiwa kulifungua faili haletewi kwenye majibu. Hilo ni kazi ya dakika kumi, na familia nyingi hazijawahi kulifanya.

MUUGUZI: Nitengenezeni hiyo akaunti. Na yale ya zamani?

BINTI: Tunayahamisha, tunafuta, halafu daftari tunaliamuru lijengwe upya. La zamani linaondoka.

FUNDI: Likijengwa upya mashine itakoroma wiki nzima.

BINTI: Haitakoroma, mjomba, kama tutakuwa tumeipunguzia chakula.

Akaanza kutaja, na fundi, ambaye ni mtu wa haki, akawa anaongezea badala ya kupinga. Folda ya vilivyopakuliwa iondolewe kwenye orodha. Picha na video ziondolewe. D isiingizwe nzima, iingizwe folda moja tu ya kikundi na moja ya shule. Katika aina za mafaili, Word na Excel zisomwe mpaka ndani, PDF zisomwe jina na tarehe tu, maana mitihani ya NECTA binti mwenyewe anajua aliipanga kwa mwaka na somo. Kutoka mafaili maelfu wakashuka kwenye mamia.

FUNDI: Kwa mamia sawa. Lakini muiache usiku mmoja imewashwa, skrini imezimwa, imalize bila kuguswa.

MAMA: Umeme wake?

FUNDI: Mashine hii haifanyi kitu kizito, weka wati 60. Saa nane ni nusu yuniti, haifiki. Usiku mmoja tu.

MAMA: Nusu yuniti nitalipa.

MWALIMU: Shemeji, wewe kwako mezani, ungeendelea kuzima?

FUNDI: Kwa wengi, ndiyo, na sitaomba radhi. Anakuja mtu ana RAM GB 2, hadidiski ya miaka kumi, anatumia Word na kuangalia filamu, hajawahi kutafuta faili maisha yake. Huyo namzimia, nampa Everything, anaenda anafurahi. Anayetumia Outlook ya kwenye mashine simzimii, maana kutafuta barua kwake kunategemea indeksi hiyo hiyo. Na mwenye pesa namwambia anunue SSD. SSD haina kisomeo cha kuhamahama, safari zake kwa sekunde ni maelfu kwa maelfu. Ukishaiweka, haya tuliyobishana yote kuhusu uzito yanakwisha siku hiyo.

BINTI: Ya uzito yanakwisha. Ya D na ya Kiswahili yanabaki.

FUNDI: Hayo yanabaki.

Kuna mtu atasema Windows 10 yenyewe iliachwa bila msaada tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 kinachodaiwa na Windows 11, kwa nini tuhangaike na indeksi yake. Hoja hiyo ni ya kweli na ni kubwa, lakini haiondoi shauri hili. Kwenye Linux kuna huduma kama hizi, Baloo na ile iliyoitwa Tracker, na watu wanabishana juu yake kwa maneno haya haya. Kokote atakakohamia mwenye kompyuta, atakuta kitu kinachosoma mafaili yake kwa niaba yake, na atatakiwa aseme kisome yapi.

MWALIMU: Limebaki moja. Mama, mihtasari ya mwaka wa kwanza, ile iliyoandikwa kwa mkono, uliiingizaje?

MAMA: Katibu aliipiga picha kwa simu, ikawa PDF.

BINTI: Hizo haziwezi kusomwa, mama. Ni picha. Indeksi inaona karatasi, haioni maneno.

MAMA: Hata majina ya wanachama?

BINTI: Hata majina. Unachoweza kuzitafutia ni jina la faili tu, na sasa hivi zinaitwa kwa namba zilizotoka kwenye simu.

MAMA: Basi zitapewa majina. Ziko ngapi?

BINTI: Zinazidi hamsini.

FUNDI: Anza na mwaka, dada, kisha mwezi, kisha tarehe, kwa tarakimu. Zitajipanga zenyewe kwa mfuatano.

MWALIMU: Na baada ya tarehe iandikwe "Muhtasari", kwa umoja, kila mara. Hata kama ni ya vikao viwili. Na mimi mitihani yangu nitaibadilisha yote iwe "Mtihani".

MAMA: Na aliyedaiwa au aliyegomba kikaoni, jina lake liongezwe mwishoni mwa jina la faili. Katibu ndiye aliyezipiga picha, Jumapili atakuja akae hapa, mimi namsomea na yeye anaandika.